Tundu la Saba

Poli, Meru
12 Machi 1944

Kwa mwanangu Thomasi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mkono unaoandika ni wa dada yako Penina, lakini maneno ni yangu, na nimemwonya asipunguze wala asitie chumvi. Macho yangu bado yanauona mlima. Herufi yamezikataa.

Sisi ni wazima. Mvua imeanza vizuri na kahawa ya upande wa juu imetoa maua. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, nalo lina paji jeupe kama yule uliyekuwa ukimchunga. Mimi nimeliona hilo na nimeliweka moyoni.

Sasa jambo lenyewe. Barua uliyoandika ukiwa bado Nairobi ilifika. Nimecheza zamu yako kwenye bao letu kama ulivyoagiza, kwa mkono wangu na bila hila. Umenila kete tano, nami nimejibu. Nimeinua kete zote za tundu la saba, safu ya mbele, kuanzia kushoto. Zilikuwa nane. Nimezitawanya, nimekula mara mbili, nikalala safu ya nyuma, zamu yangu ikaishia hapo. Tundu la saba limebaki tupu kabisa. Zamu ni yako, na usiharakishe, maana nimekutegea.

Ile kete uliyoondoka nayo usiipoteze. Nilikupa mwenyewe siku ile ya lori pale Usa, mbele ya watu wote waliokuja kuwaaga askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Nilikuambia kwamba mchezo uliopungua kete hauwezi kwisha, na ambao haujaisha lazima wenyewe warudiane. Utairudisha kwa mkono wako. Nakukumbusha tena, kwa mkono wako.

Nimeota ndoto moja mara mbili. Bao limejaa maji, kete zinaelea, zangu na zako zimechanganyika, na moja inakuja kwangu peke yake, haisukumwi na mtu. Mwinjilisti Bariki anasema ndoto zaweza kuwa za Mungu lakini bao ni la wavivu, nisivichanganye. Nikamwuliza mitume walimpataje Mathiya kama si kwa kura. Akainamia bakuli lake la loshoro, akaendelea na mahindi na maziwa yake.

Mimi baba yako,
Sumari

Thomasi, sasa ni mimi. Baba anadhani naandika anuani. Ile ngiri yake imekua, akitembea hadi mtoni anarudi ameshika kinena. Amenikataza nisikuambie, eti askari hapelekewi habari za nyumbani zenye uzito. Nimekuambia. Ukijibu, andika karatasi yangu mbali na yake, kwa sababu mimi ndiye ninayemsomea na sijui kuruka mistari bila uso kunisaliti.
Penina


Kwa anuani ya jeshi
23 Aprili 1944

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Barua yako imenikuta nikiwa na afya na viatu vipya. Mahali nilipo siruhusiwi kupataja, ila nakuambia kuna mvua isiyojua kupumzika, na miti mirefu. Mlima hakuna. Asubuhi nikitoka hemani bado nageuza shingo kuutafuta, kisha wenzangu wananicheka.

Dume mwenye paji jeupe nimefurahi. Mpe jina langu, akikaidi mjue ni halali yake.

Bao letu ninalo. Kila tunapopiga kambi nachimba matundu thelathini na mawili ardhini na kuweka vijiwe kama vilivyo huko kwako, kete kwa kete. Mwarusha mmoja wa Ngaramtoni, jina lake Lekishon, ndiye mlinzi wake. Juzi koplo alikanyaga safu yako ya nyuma, Lekishon akamtazama mpaka koplo akaomba radhi. Tundu lako la saba nimelikomba na mtego wako nimeuona. Umezeeka, Baba, siku hizi unatega mchana kweupe.

Haya, mimi nimecheza

(Hapa karatasi imekatwa kwa mkasi, upana wa vidole vitatu.)

na sasa tuone utapitia wapi.

Kete yangu iko mfuko wa shati, upande wa kushoto. Ndoto yako nimeifikiria. Mimi nasema hiyo inayotembea juu ya maji ni mimi narudi kwa meli. Mwambie Mwinjilisti.

Mimi mwanao,
Thomasi


Poli
4 Juni 1944

Mdogo wangu Thomasi,

Barua hii ni yangu peke yangu. Nimesema nakwenda Usa kuuza ndizi, na ni kweli ninazo, ila nimekaa kwanza nyuma ya kanisa naandika.

Barua yako ilikuja na dirisha. Nilipoifungua nikamwona Baba kupitia karatasi, kakaa kwenye kigoda, mkono umeshakaa tayari juu ya bao akingoja niseme tundu gani. Nikasoma mpaka "nimecheza", nikakwama. Akaniuliza mara tatu tundu gani. Nikampa karatasi aishike mwenyewe. Alipitisha kidole pale palipokatwa, akazunguka kingo zote polepole, kisha akasema, "Huyu aliyekata anajua anachokificha."

Nilimweleza kwamba ni wazungu wa jeshi, wanakata kila wasichokielewa. Akasema hata Farao hakujua kwamba Mungu anamtumia. Tangu siku hiyo hachezi, anangoja. Bao liko juu ya meza, amelifunika kwa kitambaa cha meza ya Bwana ambacho Mwinjilisti Bariki anakitafuta kila mahali, na watoto wangu hawaruhusiwi kukimbia ndani. Nimekuwa mjane nikarudi nyumbani kwa baba yangu nipumzike, kumbe nimekuja kulinda matundu.

Ningecheka kama si hii ngiri. Nilimpeleka mjini hospitalini. Daktari alimpima, akasema kwa sasa ni kazi ndogo, atakatwa, atalala siku kumi, atarudi kwenye kahawa yake. Lakini ikija siku utumbo ukanaswa humo ndani, hapatakuwa na muda wa kushuka mlima. Alitupa siku ya kurudi. Baba alishukuru vizuri, tukatoka, na tulipofika kwenye mikaratusi akaniambia hawezi kulala chini ya kisu wakati zamu iko kwa mwanawe. Thomasi akicheza, yeye akajibu, ndipo atakwenda. Siku ya daktari ikapita, akatupa nyingine, nayo ikapita.

Sasa elewa anavyoona yeye. Kwake lile bao si mchezo tena. Anaamini kwamba likiwa wazi, wewe unarudi. Akilala chini ya kisu asiamke na zamu iko kwako, huko uliko utacheza na nani? Alinieleza hayo kwa upole, kama Mwinjilisti anavyowaeleza watoto wa kipaimara, na nilipolia akanipa ndizi mbivu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Tuma hiyo zamu tena. Iandike popote, wasipoiona. Tundu moja tu, Thomasi, na Baba atakwenda hospitalini.

Dada yako,
Penina


Kwa anuani ya jeshi
11 Julai 1944

Dada Penina, shikamoo,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilikwenda kwa bwana luteni anayekagua barua zetu. Si mtu mbaya, ana mama yake naye anamwandikia kila Jumapili. Nikamchorea bao, nikamweleza. Alisikiliza yote, akasema anaamini, lakini amri ni amri, namba zisizo na maelezo hazitoki, na maelezo ya bao si maelezo. Wiki hiyo hiyo nilijaribu kuificha zamu ndani ya hesabu ya mbuzi. Akaniita, akanirudishia karatasi, akatikisa kichwa. Nilijisikia kama mtoto aliyekamatwa na muwa wa jirani.

Lakini nimepata njia, na nakuandikia kwa furaha. Lekishon amevunjika mguu, lori lilimwangukia. Wanamrudisha nyumbani kwa meli, hatapona kwa vita, ila kwa ng'ombe atapona. Nimempa ile kete yangu. Nimeifunga kwenye leso na nimemwambia aipeleke Poli mwenyewe. Zamu yangu pia anayo kichwani, hakuna mkasi wa kukata kichwa cha Mwarusha.

Unaona maana yake? Kete ikirudi bao limetimia. Baba acheze, animalize, nimemwachia nafasi hata kipofu angeiona. Ashinde, afurahi, afunike bao, aende hospitalini na moyo mweupe. Akipona tutaanzisha jingine. Nimefikiri juu ya jambo hili majuma mawili, nadhani ni jambo la akili kuliko yote niliyowahi kufanya tangu nizaliwe.

Usimsomee barua hii mpaka Lekishon afike. Nataka aione kete kwanza.

Mdogo wako,
Thomasi


Poli
3 Septemba 1944

Thomasi,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na siku yenyewe.

Lekishon alifika tarehe ishirini na tano Agosti, mchana. Alipanda kutoka barabarani na fimbo, peke yake, mguu umekauka kama kuni. Mtu wa adabu sana. Baba alikuwa nje anachambua maharage kwenye ungo. Lekishon akatoa shikamoo, akakaa alipoonyeshwa, akanywa maziwa, ndipo akatoa leso, akaiweka juu ya ungo na kuifungua.

Baba aliitazama ile kete. Hakuishika. Akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Lekishon akasema, "Nilimwacha mzima, mzee."

Thomasi, unamkumbuka mtoto wa Mzee Sadoki, aliyekufa miaka mitatu iliyopita kule Habeshi. Rafiki yake alipoleta saa na mkanda, alisema maneno hayo hayo, maana aliogopa kuwa wa kwanza kusema. Karatasi ya serikali ilikuja siku ya nne. Kila mtu hapa Poli anajua askari mwenye mguu mbovu akikuletea kitu cha mwanao, maana yake ni nini.

Lekishon aliapa. Alisema zamu yako ni tundu la nne, alisema habari ya hospitali, alisema yote uliyomtuma. Baba alimsikiliza mpaka mwisho na kumshukuru kwa safari. Akasema, "Nilimwambia kwa mkono wake." Kisha akaniambia, "Ndiyo ile iliyokuwa inakuja juu ya maji. Nilikuwa nangoja nione nani anaileta."

Akaingia ndani, akaondoa kitambaa, akaliinamisha bao juu ya kikapu. Kete zote zilimwagika, zako na zake. Jioni aliniita nimnyoe nywele za msiba. Nilikataa. Akamwita Mzee Sadoki, akanyolewa naye.

Barua yako ya Julai imefika juzi, siku saba baada ya kete. Nilikimbia nayo kutoka Usa mpaka nyumbani, mimi na umri wangu. Nilimsomea mara mbili. Nilimwonyesha tarehe. Akasema, "Hii iliandikwa kabla." Nikamwambia kila kitu kinaandikwa kabla, Baba, ndivyo barua zilivyo. Akasema ndiyo. Akanikumbusha kwamba barua za mtoto wa Sadoki ziliendelea kuja majuma saba baada ya karatasi ya serikali, na mama yake alikuwa anazisoma akiwa amevaa kaniki ya msiba.

Niliikunja barua yako, nikaifunga kwenye kanga.

Siku ya daktari ilikuwa Alhamisi. Nilifua shati lake nikalitundika mlangoni. Alilitazama, akaniuliza akatwe aishi kwa ajili ya nani. Niko mimi, Thomasi, na watoto wangu wawili wako. Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe.

Andika. Andika kitu kitakachomfanya aamini kwamba u hai. Mimi sijui ni kitu gani.

Penina


Kwa anuani ya jeshi
8 Oktoba 1944

Kwa Baba yangu Sumari,

Shikamoo Baba.

Niko hai. Nimeandika neno hilo, nikalitazama kwa muda mrefu, nikaona halina nguvu yoyote. Hata maiti aliliandika siku moja kabla.

Nilitaka kukuambia mambo tunayoyajua wawili tu, kama ile siku tulipopotea kwenye ukungu juu ya msitu na ukaniambia nisimwambie mama kwamba uliogopa. Nikaona utasema niliyajua hata zamani. Nikataka kukutajia habari ya leo, kwamba leo asubuhi nimekula wali na samaki mwenye miiba. Lakini leo yangu ikikufikia itakuwa ya mwezi uliopita. Nimewaza kutuma picha. Picha ya mtoto wa Mzee Sadoki bado iko ukutani kwao, anacheka.

Basi nimekwenda kwa bwana luteni kuomba karatasi ya serikali yenye muhuri inayosema Thomasi wa Sumari yu hai. Kwa kuwa karatasi ya serikali ndiyo inayoaminiwa kwa kufa, nilidhani itaaminiwa na kwa kuishi. Alitafuta kweli, alifungua kasha zima. Akasema serikali ina fomu ya aliyekufa, ya aliyejeruhiwa na ya aliyepotea. Ya aliye hai haina. Alisikitika, nami nikamwonea huruma.

Baba, nimekosa. Uliniambia kwa mkono wangu, mimi nikadhani ni maneno ya kuagana tu. Nilikuwa naona mchezo. Kete ile ilikuwa kifuani mwangu miezi mingi na sikujua ni kitu gani nilichopewa. Kama ningejua nisingeitoa hata kwa Lekishon, ningeirudisha mwenyewe hata kwa kutambaa.

Nisamehe, na ucheze. Bao ulilolimwaga huko, huku halijamwagika. Liko hapa mbele ya hema, limetimia, kila kete mahali pake. Nimecheza tundu la nne na bwana luteni amekubali safari hii kutolikata, ameandika jina lake pembeni, uone. Zamu ni yako. Penina akiniandikia kwamba umecheza, kokote utakakocheza, nitajua uko. Kesho kutwa tunasogea mbele, na nikijua hivyo nitatembea vizuri.

Mwanao aliye hai,
Thomasi


Poli
25 Oktoba 1944

Mdogo wangu,

Naandika hii lakini nadhani sitaitia posta. Naiandika kwa sababu mkono umezoea.

Baba amefariki Jumamosi, tarehe ishirini na moja. Alfajiri ya siku hiyo alikwenda kuzibua mfereji wa maji, akainua jiwe. Saa mbili alikuwa amelala chini ya migomba anatapika. Utumbo ulinaswa, kama daktari alivyosema. Tulimfunga kwenye machela, wanaume sita wakashuka naye, Mwinjilisti Bariki akiwa mbele na suruali imelowa mpaka magotini. Barabarani tulingoja lori la maziwa. Likaja, wakatupakia. Tulipita Tengeru yeye akiwa na fahamu zake zote.

Alinishika mkono. Akaniuliza, "Penina, kama mtoto yu hai kweli, zamu ilikuwa ya nani nilipomwaga?"

Nikasema, "Baba, mimi sijui bao."

Kulikuwa na la kusema. Ningesema ilikuwa yako, Baba, Lekishon alishaleta tundu la nne, zamu ilikuwa yako na hukumkosea mtu. Ningesema Thomasi anakusubiri. Maneno haya yote nimeyapata baadaye, jikoni, wageni wa msiba wamejaa nyumba. Pale kwenye lori nilikuwa na hilo moja tu, na lilikuwa kweli. Akageuza uso upande wa mlima. Hatukufika mjini.

Tumemzika Jumatatu. Kete yako ninayo, nimeifunga pembe ya kanga. Naogopa kuiacha na naogopa kuishika. Jana nilichambua mchele nikaona chuya mbili zimekaa peke yake pembeni ya ungo, na nilishindwa kuendelea mpaka nijue maana yake. Mimi, Penina, niliyekuwa nikimcheka Baba.

Lekishon alikuja mazishini. Nilimwuliza kama nikuandikie. Akaniambia kulikuwa na mwenzenu aliyepata barua ya msiba wa mama yake, na kesho yake mahali ambapo wote walitambaa yeye alitembea wima. Hakufanya makusudi, alisema. Alisahau tu.

Penina


Poli
19 Novemba 1944

Mpendwa mdogo wangu Thomasi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, kwetu ni neema tupu. Barua yako ya Oktoba imefika salama bila kukatwa popote. Nilimsomea Baba, akafurahi mno. Akacheka habari ya fomu za serikali, akataka nimrudie hapo. Anasema amekusamehe na wewe umsamehe, amekubali kwamba u hai, na kwamba alikuwa na haraka.

Alikwenda hospitalini mwezi uliopita, wakamkata, amepona vizuri. Anatembea hadi mtoni bila shida. Dume lako limekua na ni kaidi kama ulivyosema.

Amelipanga bao upya kwa kumbukumbu na kuitia ile kete. Anakuambia amecheza tundu la saba, safu ya mbele, amekula nyingi, ujihadhari. Zamu ni yako.

Usiwaze lolote la huku. Tazama unapokanyaga. Tazama kila hatua, Thomasi, hayo ni maneno ya Baba.

Dada yako akupendaye,
Penina


Kwa anuani ya jeshi
2 Januari 1945

Dada Penina,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia mkesha wa mwaka mpya. Mimi ni mzima, sijaumia popote.

Niliposoma kwamba Baba amecheza nilitoka mbio kwenda kwenye matundu. Niliinama mbele ya tundu la saba na kutia mkono nichukue vijiwe. Hapakuwa na kitu. Nilidhani kuna mtu amevichezea, nikavihesabu vyote, vikatimia. Kisha nikakumbuka. Tundu la saba Baba alilikomba mwezi Machi, ndiyo ilikuwa zamu yake ya mwisho kuniandikia. Mimi siwezi kutia kete upande wake, na yeye hakucheza tena. Limekuwa tupu miezi kumi.

Baba hawezi kuinua tundu tupu, dada. Hata akiwa na homa, hata akiwa usingizini.

Sikukasirika. Nimeona ulivyotafuta namba kichwani mwako ukaipata hiyo, kwa sababu uliwahi kuiandika mara moja kwa mkono wako. Natazama ninapokanyaga. Nitaendelea kutazama, usihofu.

Kitu kimoja kinanisumbua na sina mwingine wa kumwambia. Sikuota. Mwezi mzima wa Oktoba, na Novemba yote, sikuota hata mara moja. Vijiwe havikusogea, ndege hakulia, kete ingekuwa mfukoni ningesema labda ingeniambia. Nililala kama mtoto, nikaamka, nikanywa chai na kusema leo zamu ni ya Baba. Nilikuwa nikisema hivyo kila asubuhi.

Matundu nimeyafukia kwa buti leo kabla hatujaondoka. Usiniandikie tena habari ya bao. Niandikie mmemzika upande gani wa migomba, na kama kutoka hapo mlima unaonekana.

Mdogo wako,
Thomasi